Okot p'Bitek Anashukia Kisumu

Mwaka 1968 Okot p'Bitek alikuwa na jina kubwa na hakuwa na pa kurudi. Miaka miwili kabla, East African Publishing House ya Nairobi ilikuwa imemchapishia Song of Lawino, malalamiko marefu ya mke wa Kiacholi juu ya mume msomi anayewadharau watu wake mwenyewe, na kitabu hicho kilikuwa kimemfikisha kila mahali Afrika Mashariki ambapo fasihi inafundishwa. Mwaka huohuo wa 1966 alikabidhiwa jumba la taifa la michezo ya kuigiza mjini Kampala, Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Ikaja safari ya Zambia mwaka 1967, na baada yake serikali ya Milton Obote haikumtaka tena. Akavuka mpaka. Chuo cha Nairobi, ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilimpa kazi katika idara ya masomo ya nje, yaani masomo ya watu wazima wasiokaa chuoni, kikampeleka Kisumu, kando ya Ziwa Victoria.

Wanaosimulia maisha yake huipita Kisumu mbio. Wanakawia Oxford kwa sababu ya ugomvi wake na walimu, wanakawia Kampala kwa sababu ya siasa, kisha wanaruka hadi Nairobi. Mimi nasema Kisumu ndiko mawazo yake yalikofanyiwa kazi. Vitabu vilivyomfanya Okot kuwa mhakiki, mbali na kuwa mshairi, vilitoka katika miaka ileile ya ziwani au muda mfupi baada yake: African Religions in Western Scholarship mwaka 1970, Religion of the Central Luo mwaka 1971, Africa's Cultural Revolution mwaka 1973. Atakayevisoma bila kuukumbuka mji ule atasikia mtu anayegombana na Wazungu wa mbali. Atakayevisoma akiwa na Kisumu kichwani atasikia mtu anayezungumza na majirani.

Majirani wenyewe walikuwa nusu ndugu. Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931, na Kiacholi chake na Dholuo, lugha ya Waluo wa Kisumu, ni lugha za ukoo mmoja. Mtu wa Gulu akiwasikiliza wavuvi wa ufukwe wa Dunga wakipatana bei hupotea hapa na pale, lakini hapotei kabisa. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi aliyeheshimika kwao, na mtoto alikua ndani ya nyimbo. Alifika Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya kandanda ya Uganda, akabaki kusoma ualimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, na hatimaye anthropolojia Oxford, ambako mwaka 1963 alimaliza tasnifu juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walang'o. Kwa hiyo aliposhuka Kisumu alikuwa amesomea rasmi kitu ambacho watu wa pale walikuwa wakikifanya kila wiki matangani, bila cheti.

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliwasilisha chuoni Nairobi ule waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake iwekwe idara itakayoipa fasihi ya Afrika nafasi ya katikati, nyimbo na masimulizi yakiwemo. Waraka huo unafundishwa hadi leo katika vyuo vya mabara mengi, na unastahili. Desemba ya mwaka huohuo, Okot alifungua tamasha la sanaa mjini Kisumu. Alikuwa ameshaanzisha la namna hiyo kwao Gulu, kwa hiyo alijua anachokitafuta. Wale watatu walikitaka chuo kibadilishe mtaala. Okot aliwaita wenye fasihi yenyewe waje. Naiona kazi hii kuwa moja, iliyoshikwa ncha mbili. Ila kwa maoni yangu ncha ya Kisumu ilikuwa nzito zaidi. Kamati ya chuo hukutana chumbani na wajumbe wake wanaweza kukubaliana juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao analiweza. Ngoma huchezwa mbele ya watu wanaoijua, na akikosea mtu, bibi kizee aliye pembeni ndiye wa kwanza kusema.

Hapo ndipo nadharia yake inapoanzia. Okot alilipanua neno fasihi hadi likabeba kila ubunifu wa maneno, uwe wa kuandikwa, wa kusemwa au wa kuimbwa. Leo mwanafunzi wa kidato cha pili huandika hivyo katika mtihani bila kufikiri. Mwaka 1968 ilikuwa kauli ya vita, kwa kuwa ilimwondolea mtu aliyesoma hati ya kumiliki fasihi peke yake. Utamaduni nao alikataa kuutenga na maisha, kana kwamba ni kitu cha kuhifadhiwa na kutolewa wageni wakija. Aliwashutumu waziwazi wanasiasa waliokuwa na wacheza ngoma wa uwanja wa ndege, wenye sare, wanaochezea marais wanaoshuka na kuondoka. Kwake ngoma ina mahali pake na wakati wake: kuna inayochezwa kwa sababu mtu amefariki, na kuna inayochezwa kwa sababu vijana wanatafutana. Ukiiondoa sababu, unabaki na mazoezi ya viungo.

Kando ya ziwa hoja hiyo haihitaji kutetewa na profesa. Mtazame mpiga nyatiti. Ni chombo cha nyuzi nane, mpigaji amekaa kigodani, chombo kimelazwa ubavu, na kidole gumba cha mguu kimevishwa pete ya chuma inayogonga ukingo wa chombo na kushika mapigo. Mguuni ana gara, njuga zake. Mtu mmoja ni bendi nzima, na bado hajaanza kuimba. Akianza, anasifu marehemu kwa nasaba yake, anaingia kwa walio hai, anamtaja huyu aliyenunua ng'ombe na yule aliyemkimbia mkewe. Na hapo ndipo msikilizaji anapoinuka, anaweka pesa na kumsimamisha. Nyatiti inanyamaza au inashuka chini, na yule aliyelipa anajisifu: jina lake la sifa, la rafiki zake, la kijiji cha mama yake, kwa mafumbo ambayo ameyaandaa nyumbani au ameyabuni palepale. Waluo huita jambo hilo pakruok. Akimaliza, wimbo unaendelea, lakini umebadilika, kwa sababu mwimbaji sasa atayachukua maneno yale na kuyafuma ndani ya wake.

Nani mtunzi hapo? Nadharia nyingi za fasihi nilizosoma zinashindwa kujibu, kwa kuwa zinahitaji mtunzi mmoja upande huu na hadhira upande ule. Nadharia ya Okot inajibu bila shida. Alisisitiza kwamba katika sanaa ya watu wake wote ni washiriki, na kwamba jukwaa lililoinuliwa na viti vilivyopangwa safu ni mazoea yaliyoletwa. Alikuwa ameongoza jumba lenye jukwaa na viti vya safu kule Kampala, alijua anachokisema. Na gitaa lilipofika Nyanza, wapigaji wa benga walilifundisha kudonoa kama nyatiti, wakaendelea kutaja majina ya watu ndani ya nyimbo, na watu wakaendelea kulipa ili watajwe. Santuri ilibadilisha njia ya kuuza muziki. Mkataba kati ya mwimbaji na msikilizaji ulibaki vilevile.

Kuna Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambamo pamejengwa dala kamili ya Kiluo: nyumba ya mke wa kwanza, za wenzake, ghala, zizi. Nayapenda makumbusho hayo. Watoto wa mjini ambao hawajawahi kulala kijijini hujifunza pale kwa nini nyumba ya mikayi, yaani mke wa kwanza, inatazama lango. Lakini dala ile haina ugomvi, haina mtoto anayeumwa usiku, haina shemeji aliyekuja kuomba mahari ilipwe. Yeyote aliyemsoma Okot atatoka pale akitaka kwenda Kibuye sokoni kuwasikiliza wenye dala zao.

Sasa dini, ambayo ndiyo mahali Okot alipowakera watu wengi zaidi, na ambako mimi mwenyewe ninagombana naye.

Alifika Oxford, kwa maelezo yake, akakuta mwalimu katika mhadhara wa kwanza kabisa akiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale. Alipinga, haikusaidia. Kutokana na hasira hiyo aliandika hoja ambayo bado haijajibiwa vizuri: kwamba anthropolojia haikuwa sayansi iliyokosea njia kidogo, ilikuwa mtumishi wa ukoloni tangu mwanzo, na kwamba vitabu vya dini za Kiafrika viliandikwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine. Wamisionari walitafuta mahali pa kupandia Ukristo. Wasomi Waafrika waliowafuata walitafuta kuthibitisha kwamba babu zetu nao walikuwa na Mungu mmoja, wa milele, ajuaye yote, aliyeko kila mahali. Okot alisema mungu huyo wa vitabuni amevalishwa joho la Kigiriki, na mwanakijiji wa kawaida hawezi kumtambua. Aliwataja kwa majina: Danquah, Busia, Idowu, Senghor, John Mbiti, na Jomo Kenyatta. Kitabu chenyewe, African Religions in Western Scholarship, kilichapishwa Nairobi na East African Literature Bureau, Kenyatta akiwa Ikulu.

Mfano wake mkubwa ulitoka nyumbani. Mwaka 1911 mapadri Waitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Swali halikuwa na njia ya kupita katika lugha ya wazee, likawafikia likiwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakajibu hawajui; mtu huzaliwa na mama yake. Mapadri wakashikilia kwamba lazima yuko. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kuwa yuko kweli anayefinyanga watu: Rubanga, pepo anayeshutumiwa kumpinda mtu mgongo hadi akaota kibiongo, ugonjwa ambao hospitali huuita kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mapadri wakaondoka na jina hilo. Tangu hapo Waacholi Wakristo humwomba Muumba kwa jina la pepo wa kibiongo.

Kisa hicho husimuliwa ili watu wacheke, na Okot hakukiandika kwa ajili hiyo. Wazee walikuwa waaminifu kuliko waulizaji. Walisema hawajui, na hilo ni jibu la kifalsafa lenye heshima zake. Waulizaji hawakuwa na nafasi ya kulipokea kwa kuwa walikuja na jibu mkobani. Okot alitaka mtafiti aache kuuliza watu wanaamini nini juu ya mwanzo wa dunia, swali ambalo huenda halijawahi kuwanyima usingizi, aulize wanafanya nini mvua ikikosekana, samaki wakipungua, mtoto akiungua kwa homa, mzee akizikwa vibaya. Dini kwake ilikuwa shughuli ya hapa na leo. Hesabu ya sifa za Mungu kutoka jamii mia kadhaa, aliyoikusanya Mbiti, haikumwambia kitu.

Nakubaliana naye karibu kabisa juu ya maprofesa. Sikubaliani naye juu ya waumini.

Katika Song of Lawino darasa la katekisimu ni mahali pa kukariri maneno yasiyoeleweka, na mwanamke mwenye akili timamu hulikimbia kwenda ngomani. Ocol, mumewe, ni Mkristo wa kuiga, na kuiga kwake ni ugonjwa. Picha hiyo ina ukweli mchungu kwa sehemu fulani ya wasomi wa wakati ule. Kando ya ziwa, hata hivyo, ilikuwa imepitwa na mambo kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na joka la ziwani, Mumbo, likamtapika na ujumbe: wakataeni Wazungu na dini yao. Serikali ya kikoloni iliwafuatilia wafuasi wa Mumbo kwa miaka mingi. Johana Owalo, aliyepitia Ukatoliki na Uislamu, alishika njia nyingine, akaanzisha kanisa la Nomiya ambalo hutajwa kuwa la kwanza kabisa nchini Kenya kujitenga na wamisionari. Mwaka 1934 Alfayo Odongo Mango aliuawa Musanda pamoja na wafuasi wake wa kundi la Roho, katika ugomvi ambamo ardhi na unabii havikutenganika. Miaka ya 1950 ilipokaribia kwisha, Johera walitoka kwa Waanglikana chini ya Matthew Ajuoga. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaja Legio Maria, iliyotoka katika Kanisa Katoliki ikiongozwa na Simeo Ondeto na mwanamke kijana, Gaudencia Aoko.

Iangalie Legio Maria kwa jicho la mhakiki wa sanaa kidogo. Roma ilipokuwa inaacha Kilatini na kuruhusu misa kwa lugha za watu, Legio walikishikilia Kilatini. Wasomi wangeweza kusema hao ndio waigaji wa mwisho, waliobaki na nguo kuukuu ya bwana baada ya bwana mwenyewe kuivua. Ukihudhuria ibada yao unaona kitu kingine. Kilatini kimekuwa lugha yenye nguvu, ya kutoa pepo na kuponya, jinsi maneno ya kale yasiyoeleweka yalivyokuwa na nguvu kinywani mwa waganga wa zamani. Kanzu zina rangi, na kila rangi ina kazi. Rozari haikai mfukoni. Kuna ndoto zinazosimuliwa, wagonjwa wanaowekewa mikono, mapepo yanayoulizwa majina. Waumini hupanda Kit-Mikayi, miamba mikubwa ya Seme iliyoheshimiwa kabla ya msalaba kufika, na kufunga na kusali pale.

Kwa kipimo cha Okot mwenyewe, dini ni kile watu wanachofanya mtoto akiungua kwa homa. Basi hii ni dini ya Kiafrika. Haikuhitaji joho la Kigiriki wala haikuhitaji kurudi nyuma ya mwaka 1901, reli ilipofika ziwani. Watu waliuchukua Ukristo, wakaukagua, wakabakiza kinachofanya kazi. Tena ushahidi ulikuwa umeshachapishwa: mwaka 1966 F. B. Welbourn na Bethwell Ogot walitoa A Place to Feel at Home, uchunguzi wa makanisa mawili huru ya magharibi mwa Kenya, Johera wakiwa mojawapo. Okot aliigawa dunia yake katika mambo ya kwetu na mambo ya kuigwa, na alikuwa na sababu, maana aliishi katikati ya watu walioona aibu kwa mama zao. Lakini mgawanyo huo ulimfanya asilione tendo kubwa kabisa la ubunifu lililokuwa likitendeka nje ya ofisi yake. Tamasha la leo halikosi kwaya. Ngoma ya Roho inayopita barabarani Jumapili na bendera zake ni sanaa kwa vigezo vyote alivyoviweka yeye.

Mwaka 1969 uliitendea Kisumu ukatili. Tarehe 5 Julai Tom Mboya, waziri na mwanasiasa Mluo, alipigwa risasi Nairobi. Tarehe 25 Oktoba Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Palitokea majibizano makali kati yake na Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 11; wenyeji hawakuwahi kuikubali hesabu hiyo. Siku chache baadaye chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku na yeye mwenyewe akawekwa kizuizini.

Hapa Okot hakufundisha kitu, aliandika. Mwaka 1971 zilitoka Two Songs: wimbo wa mfungwa na wimbo wa malaya. Mfungwa amepigwa, amefungwa kamba, na haijulikani sawasawa amefungwa kwa kosa gani. Anatukana, analia njaa ya watoto wake, anajidai ameua mtu mkubwa. Wasomaji wengi wameusoma wimbo huo pamoja na kifo cha Mboya. Kwangu ni kitabu chake kikubwa kuliko Lawino, kwa sababu hakuna ndani yake upande safi wa kurejea. Mwaka 1972 kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Wakati huo Okot alikuwa amehamia Nairobi, katika Taasisi ya Taaluma za Afrika.

Katika insha zilizokusanywa baada ya kifo chake, Artist, the Ruler, zilizochapishwa mwaka 1986, alisema kwamba katika kila jamii kuna watawala wa aina mbili. Mmoja ana askari. Mwingine ana wimbo, hadithi, kilio na kicheko, na huyu wa pili ndiye anayewapa watu mawazo ya kuishi nayo, ambayo yule wa kwanza huyasimamia kwa sheria na jela. Ngũgĩ alikuwa ameshaonyesha shaka yake mapema, katika utangulizi alioandikia Africa's Cultural Revolution: kwamba Okot wakati mwingine huuzungumzia utamaduni kana kwamba unaweza kutengwa na siasa na uchumi unaoubeba. Onyo hilo lilikuwa la haki. Mkulima wa miwa wa Muhoroni hapungukiwi na utamaduni, anapungukiwa na malipo.

Hata hivyo mwaka 1969 na miaka iliyofuata ilimpa Okot ushahidi ambao Ngũgĩ asingeukana. Daniel Owino Misiani, kijana wa Shirati upande wa Tanzania aliyefanya maisha yake ya muziki Kenya, aliimba siasa kwa mafumbo ya wanyama na hadithi za Biblia, na serikali zilizokuwa na redio, magazeti na jeshi zilimwona tishio. Alikamatwa zaidi ya mara moja. Mtawala mwenye askari huwa hahangaiki na mpiga gitaa asiyetawala chochote. Misiani alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, na benga yake bado inapigwa katika matatu za mji huo na watu ambao hawakuzaliwa alipoitunga.

Nimebakiza mtu mmoja, na nadhani yeye ndiye aliyekamilisha kile Okot alichokianza, ingawa hakujiita mhakiki. Grace Ogot, wa Asembo, muuguzi kwa taaluma, alitoa The Promised Land mwaka uleule wa 1966, kwa mchapishaji uleule wa Lawino. Hadithi ni ya mume na mke wa Nyanza wanaohamia Tanganyika kutafuta ardhi. Wanafanikiwa, jirani anaingiwa na kijicho, mume anaugua ugonjwa wa ngozi wa kutisha ambao hospitali haiwezi. Ogot haitetei dawa ya mganga wala haidhihaki. Anauonyesha uchawi ukifanya kazi ndani ya ndoa, na mke ndiye anayeona mapema kuliko mume.

Kisha, katika mkusanyo wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, akaandika upya simulizi la kale la msichana anayepaswa kutolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Mtemi ni baba yake. Jamii nzima imeshakubali, kwa heshima na machozi. Katika hadithi ya Ogot kijana anayempenda anamwokoa njiani, na mvua inanyesha hata hivyo.

Tukio hilo moja linafanya kazi ambayo Okot hakuifanya katika kurasa zake zote juu ya dini. Aliutetea utamaduni dhidi ya watu wa nje na dhidi ya Waafrika walioukana. Mara chache alisimama ndani yake na kuuliza nani anayelipa gharama. Alimpa mwanamke sauti, na Lawino ni sauti kubwa, lakini Lawino hapingi jambo lolote la msingi katika desturi za kwao. Anamtaka tu mumewe arudi. Ogot, aliyekulia ndani ya masimulizi hayo kando ya ziwa, alilichukua simulizi kwa mikono ya mwenyewe na kuuliza kama zimwi lilihitajika. Hakuliazima swali hilo kwa Mzungu. Lilikuwa ndani ya hadithi, likimsubiri msimulizi ambaye angeweza kuwa yule msichana.

Okot aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kiacholi, mwaka 1953, na Lawino naye alizaliwa kwa lugha hiyo kabla ya kuwekwa katika Kiingereza. Paulo Sozigwa akaja kumpa Kiswahili. Aliporudi Uganda baada ya Idi Amin kuanguka, Makerere ikampa uprofesa wa uandishi wa kubuni mwaka 1982, na Julai ya mwaka huohuo akafariki akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1983 Grace Ogot alichapisha Miaha, riwaya ya Dholuo, kwa ajili ya wasomaji wa Asembo, Gem na Alego ambao vitabu vyake vya Kiingereza havikuwafikia. Inarejea asili ya kazi na jembe katika masimulizi ya Kiluo, na kosa la asili ndani yake linatendwa na bibi harusi mwenye maswali mengi.